Siri Isiyo na Tarehe ya Mwisho

Februari 1781 Jacques Necker, msimamizi wa fedha za mfalme wa Ufaransa, alichapisha hesabu za ufalme na kuziuza kwa yeyote aliyetaka kununua. Hadi siku hiyo mapato na matumizi ya Louis wa 16 yalikuwa siri ya ikulu. Watu waligombea nakala. Wakasoma pensheni wanazolipwa makabaila, wakasoma gharama za nyumba ya mfalme, na mwisho wa hesabu wakakuta ziada ya zaidi ya livre, sarafu ya wakati ule, milioni 10. Ajabu ni kwamba wakati huohuo ufalme ulikuwa vitani dhidi ya Uingereza, ukiwasaidia Wamarekani, na vita vyenyewe viliendeshwa kwa mikopo.

Necker hakughushi tarakimu zake. Alichofanya ni kugawa hesabu mafungu mawili, la kawaida na la dharura, akaviweka vita kwenye la dharura, kisha akachapisha la kawaida peke yake. Miaka sita baadaye mmoja wa waliomrithi, Calonne, aliwaita wakuu wa nchi akawaeleza kwamba kuna nakisi kubwa na kodi lazima zibadilishwe. Wengi hawakumwamini. Wangemwaminije, na hesabu ya ziada walikuwa nayo nyumbani, imepigwa chapa? Mageuzi yakakwama. Mwaka 1789 mapinduzi yakaanza.

Humkumbuka Necker kila serikali inaposifiwa kwa uwazi kwa sababu imeweka bajeti yake hadharani. Kuchapisha bajeti ni jambo jema, na bado ziko nchi ambazo hata hilo hazifanyi. Lakini mimi nikishika kitabu cha bajeti hutafuta kwanza fungu la pili liko wapi. Siku hizi haliitwi la dharura. Huitwa dhamana za serikali, na pale linapoandikwa kabisa, hupewa kurasa mbili tatu mwishoni, baada ya majedwali ambayo wengi hawayafikii. Humo ndimo zinamokaa ahadi ambazo serikali imetoa bila kulipa chochote: kwamba shirika fulani likishindwa kulipa mkopo italipa yenyewe, kwamba mwekezaji fulani asipopata mapato aliyoyatarajia atafidiwa. Ahadi kubwa kuliko zote haimo hata humo, kwa kuwa haikuwahi kuandikwa popote. Ni ile ya kwamba benki kubwa zikianguka, Hazina itaziokota.

Chukua Ireland. Mwaka 2007 deni lake la umma lilikuwa takriban robo ya Pato la Taifa, kiwango ambacho majirani zake wengi wa Ulaya walikitamani. Kwa miaka kadhaa bajeti ilikuwa ikifungwa kwa ziada. Msomaji wa vitabu vya Hazina asingeona doa. Asichokiona ni kwamba sehemu nzuri ya kodi hizo ilitokana na kuuziana nyumba na viwanja, nyumba zenyewe zilinunuliwa kwa mikopo ya benki, na benki nazo zilikuwa zikikopa kwa muda mfupi katika masoko ya nje ili zikopeshe kwa muda mrefu nyumbani. Mnyororo mzima ulining'inia kwenye pete moja, na pete hiyo haikuwa na safu yake katika jedwali lolote la bajeti.

Usiku wa tarehe 29 Septemba 2008, wiki mbili baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka huko New York, viongozi wachache wa serikali na Benki Kuu walikaa Dublin na wakuu wa benki. Mawaziri wengine walipigiwa simu usiku wa manane kuombwa ridhaa. Asubuhi nchi iliamka ikiwa imedhamini madeni ya benki sita, kiasi cha euro bilioni 440. Uchumi wa nchi nzima kwa mwaka haukufika nusu ya kiasi hicho. Waziri wa Fedha, Brian Lenihan, aliuita uokozi wa gharama ndogo kuliko wote duniani hadi wakati huo, na kwa siku ile alikuwa sahihi kabisa, kwa maana hakuna hata senti iliyokuwa imetoka Hazina.

Hapo ndipo dhamana inapowapumbaza hata wanaoitoa. Siku ya kuitoa haina gharama. Haipunguzi elimu wala afya, haimuudhi mlipakodi yeyote, na katika hesabu za fedha taslimu haionekani. Gharama huja baadaye, na ikija huja yote kwa pamoja. Benki ya Anglo Irish peke yake ilimeza karibu euro bilioni 30. Benki zote kwa jumla zilichukua bilioni 64 katika nchi yenye watu wapatao milioni nne na nusu, yaani kama euro 14,000 kwa kila kichwa, mtoto mchanga akiwemo. Nakisi ya mwaka 2010 ilifika karibu asilimia 32 ya Pato la Taifa. Novemba mwaka huohuo nchi iliyokuwa ikisifiwa kwa nidhamu ya fedha ikaingia kwenye mpango wa euro bilioni 85 pamoja na Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF.

Wapo wanaowalaumu viongozi kwa uamuzi wa usiku ule. Mimi siwalaumu sana kwa usiku wenyewe. Mtu akiambiwa saa nane za usiku kwamba asubuhi mashine za kutolea fedha zitakuwa tupu, hana nafasi ya kuandaa mjadala wa wananchi. Lawama yangu naipeleka nyuma, kwenye miaka ambayo hakukuwa na dharura yoyote na bado hakuna chombo cha umma kilichowauliza wananchi kama wanajua wanasimama nyuma ya nini. Zaidi ya hayo, waliokuwa chumbani nao hawakujua. Mwaka 2013 zilichapishwa rekodi za simu za ndani ya Anglo Irish za mwezi ule wa Septemba, ambamo maofisa wakubwa walisikika wakizungumzia kuomba msaada wa euro bilioni 7 huku wakifahamu kwamba shimo ni kubwa zaidi. Basi siri ilikuwa na tabaka mbili: serikali haikuwaambia wananchi, na benki haikuiambia serikali. Aliyedhamini alikuwa wa mwisho kujua alichokidhamini.

Wanauchumi hupenda kutenganisha mgogoro wa benki na mgogoro wa madeni ya serikali, kila mmoja na wataalamu wake. Ukiyatazama matukio yenyewe, utengano huo haudumu. Benki huweka akiba zake katika hatifungani (hati za mikopo) za serikali kwa kuwa sheria huzihesabu kuwa salama. Serikali kwa upande wake ndiyo dhamana ya benki. Ni walevi wawili wanaoegemeana wakielekea nyumbani. Cyprus ilionyesha jinsi wanavyoanguka. Mwaka 2012 hatifungani za Ugiriki zilipunguzwa thamani kwa mkupuo, na benki za Cyprus zilizokuwa zimezirundika zikapata hasara ya mabilioni ya euro. Serikali ya Nicosia haikuwa na uwezo wa kuzinusuru. Machi 2013 benki zilifungwa kwa karibu wiki mbili, na wateja wa Bank of Cyprus wenye amana zaidi ya euro 100,000 wakaona asilimia 47.5 ya kilichozidi hapo ikigeuzwa kuwa hisa za benki iliyokuwa taabani. Uamuzi uliokata amana zao ulianzia kwenye bajeti ya nchi nyingine, ambako hawakuwa na kura wala sauti.

Sasa nije kwa hoja ya upande wa pili, kwa sababu ni hoja nzito na watetezi wa uwazi huwa wanaipita haraka. Tumezoea kusema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa benki mambo ni magumu zaidi, maana mara nyingine kutangaza maradhi ndiko kunakoleta kilio. Benki yoyote, hata iliyo nzima kabisa, haina fedha za kuwalipa wateja wote siku moja, kwa sababu fedha hizo zimekopeshwa. Uimara wake unategemea wateja waamini kwamba wateja wenzao hawatakimbia. Septemba 2007 Northern Rock ya Uingereza iliomba msaada wa dharura Benki Kuu. Habari ilitoka hewani jioni ya tarehe 13, na kesho yake foleni zikazunguka majengo ya matawi yake. Uingereza haikuwa imeona wateja wakiikimbilia benki kwa namna ile tangu mwaka 1866. Msaada uliokusudiwa kutuliza ndio uliotisha, na foleni hazikuisha mpaka serikali ilipotangaza kwamba itadhamini amana zote.

Walijifunza. Oktoba mwaka uliofuata Benki Kuu ya Uingereza ilizikopesha benki za RBS na HBOS kwa siri, na kilele cha mikopo hiyo kilikuwa pauni bilioni 61.6. Hakuna aliyetangaza. Hakuna foleni iliyotokea. Mikopo ilirudishwa yote kufikia katikati ya Januari 2009, na tarehe 24 Novemba 2009 ikatangazwa kwa Bunge na kwa umma. Mimi naona siri hiyo ilikuwa halali. Ingetangazwa siku ileile, benki mbili kubwa zingeanguka, na ambao wangeumia kwanza ni watu ambao mishahara yao inapitia huko.

Hata hivyo siri halali nayo ina mtu anayeilipia. Wanahisa wa benki ya Lloyds walipiga kura Novemba 2008 kuidhinisha kuinunua HBOS. Hawakuambiwa kwamba benki wanayoinunua inapumua kwa mkopo wa siri wa Benki Kuu. Baadaye maelfu yao walifungua kesi, na mwaka 2019 wakashindwa. Ndiyo maana neno ninaloliangalia katika simulizi hii ni tarehe ya kutangazwa. Siri ile ilidumu kwa miezi 13. Kama ingedumu miaka 13 ningeipa jina jingine. Na kama ingekuwa mwezi mmoja, pengine wanahisa wale wangepiga kura wakiwa na macho.

Tuiweke Msumbiji kando ya mfano huo. Kati ya mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu zenye uhusiano na vyombo vya usalama, ProIndicus, EMATUM na MAM, zilikopa jumla ya takriban dola bilioni 2 kwa dhamana ya serikali. Fedha zilisemekana ni za meli za kuvulia jodari, ulinzi wa pwani na karakana za meli. Mkopo wa EMATUM, dola milioni 850, ulijulikana kwa kuwa uliuzwa sokoni kama hatifungani. Ile mingine miwili, milioni 622 na milioni 535, haikupelekwa bungeni wala haikuelezwa kwa IMF. Aliyetia saini dhamana alikuwa Waziri wa Fedha, Manuel Chang. Ilipofichuka Aprili 2016, IMF ilisitisha msaada wake, wafadhili wakazuia michango yao kwenye bajeti, sarafu ya nchi ikaporomoka, na Januari 2017 nchi ikashindwa kulipa riba ya hatifungani zake. Ukaguzi uliofanywa na kampuni ya Kroll ulikuta dola zipatazo milioni 500 ambazo matumizi yake hayakuelezeka.

Tofauti na siri ya London iko wapi? Si katika ukubwa, maana pauni bilioni 61 ni nyingi kuliko dola bilioni 2 kwa kipimo chochote cha fedha tupu. Iko katika mambo ya kawaida kabisa ya kiofisi. Siri ya London ilikuwa na chombo chenye mamlaka kisheria ya kukopesha, ilikuwa na mali iliyowekwa rehani na mkopaji, na ilikuwa na mwisho. Siri ya Maputo haikupangiwa siku ya kutangazwa. Walioiweka walitarajia iishi muda wote wa mkopo. Kwa bahati, au kwa juhudi za waandishi wa habari na wachunguzi, haikuishi. Baraza la Katiba la Msumbiji lilizifuta dhamana hizo, ya EMATUM mwaka 2019 na hizo mbili mwaka 2020, na Agosti 2024 Chang alitiwa hatiani na mahakama ya New York. Ni haki, ingawa imekuja wakati maumivu ya bei na ya huduma zilizokatwa yalikwishawapata wananchi ambao hawajawahi kuiona hiyo jodari.

Na hapa simulizi inachukua njia ambayo mtunzi wa riwaya angeambiwa ametia chumvi. Benki iliyopanga mikopo ya ProIndicus na EMATUM ilikuwa Credit Suisse ya Uswisi. Oktoba 2021 ilikubali kulipa takriban dola milioni 475 kumaliza mashtaka ya Marekani na Uingereza, na ikasamehe dola milioni 200 za deni la Msumbiji. Miezi 17 baadaye, Jumapili ya tarehe 19 Machi 2023, benki hiyohiyo ilinunuliwa na benki nyingine ya Uswisi, UBS, kwa faranga bilioni 3 baada ya wateja wake kuihama. Serikali ya Uswisi ilitoa dhamana ya faranga bilioni 9 kwa hasara ambazo UBS ingepata, na nyingine ya hadi bilioni 100 kwa mikopo ya ukwasi, yaani fedha taslimu za haraka, kutoka Benki Kuu. Ilitumia kanuni za dharura. Kamati ndogo ya bunge inayoshughulikia fedha iliridhia, na mwezi uliofuata baraza la wawakilishi lilipokaa likapiga kura ya kukataa. Kura hiyo haikubadili lolote, kwa kuwa ahadi ilikwishatolewa na kuifunga serikali.

Kwa hiyo benki iliyosaidia kuipitisha dhamana pembeni ya bunge la nchi maskini iliokolewa kwa dhamana iliyolipita bunge la nchi tajiri. Sisemi mambo hayo mawili ni sawa. Dhamana ya Uswisi ilitangazwa hadharani siku ileile, na Agosti 2023 ilifutwa bila walipakodi kupata hasara. Lakini jambo moja la Uswisi linanikera. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi, ikafanya kazi, na Desemba 2024 ikatoa ripoti ndefu. Nyaraka zenyewe za uchunguzi zitafungiwa kwa miaka 50. Wanahistoria wa huko walipinga. Miaka 50 kwa benki ambayo haipo tena! Foleni ya wateja inayohofiwa iko wapi, na itapangwa mbele ya mlango gani?

Nisije nikaeleweka kwamba nasema tukichapisha kila kitu mambo yatanyooka. Silicon Valley Bank ya Marekani, iliyoanguka siku tisa kabla ya mauzo yale ya Credit Suisse, haikuficha kitu cha maana. Ilikuwa imenunua hatifungani za muda mrefu wakati riba iko chini. Riba ikapanda, thamani ya hatifungani ikashuka. Hasara ambayo haikuwa imeingizwa kwenye mapato, takriban dola bilioni 15, iliandikwa katika maelezo ya hesabu za mwisho wa 2022. Mtaji wote wa benki ulikuwa kama bilioni 16. Mwenye macho angeweza kutoa moja kwenye nyingine na kuona kilichobaki. Wakaguzi walisaini, wasimamizi walikuwa na barua zao, na wateja waliendelea kuweka amana, nyingi mno juu ya kikomo cha bima cha dola 250,000. Tarehe 8 Machi benki ikatangaza hasara ya bilioni 1.8 na mpango wa kutafuta mtaji. Kesho yake zilitolewa dola bilioni 42 kwa siku moja, na maombi ya kutoa nyingine bilioni 100 yalikuwa yakisubiri benki ilipofungwa.

Uwazi bila msomaji, basi, ni karatasi tu. Na msomaji ninayemkusudia si lazima awe kila mwananchi. Anatosha mtu mmoja mwenye ofisi, mshahara, na kinga ya kutofukuzwa anaposema asichotakiwa kusema. Ugiriki inaeleza vizuri kinachompata mtu huyo asipolindwa. Andreas Georgiou alikabidhiwa ofisi ya takwimu ya Ugiriki Agosti 2010, baada ya nchi kukiri kwamba nakisi zake zilizotangazwa zilikuwa za kubuni. Akazihesabu upya kwa kanuni za Ulaya, akapata nakisi ya 2009 kuwa zaidi ya asilimia 15 ya Pato la Taifa. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, ilizipokea tarakimu zake bila shaka yoyote. Nyumbani alishtakiwa, akafutiwa mashtaka, akashtakiwa tena, kwa miaka na miaka, na mwaka 2017 akatiwa hatiani kwa kosa la kutozipigisha kura tarakimu hizo katika bodi kabla ya kuzituma. Kura juu ya jibu la hesabu za kujumlisha na kutoa. Nimejaribu kulitafutia jambo hilo upande wa pili wa haki, nimekosa.

Iceland iliona kosa la aina hiyohiyo kutoka mlango mwingine. Benki zake tatu, Glitnir, Landsbanki na Kaupthing, zilikuwa na mali kama mara kumi ya uchumi wa nchi, na zilianguka zote ndani ya wiki moja ya Oktoba 2008. Waziri Mkuu wa wakati ule, Geir Haarde, alifikishwa mbele ya mahakama maalumu, na mwaka 2012 akatiwa hatiani kwa shtaka moja tu, bila adhabu: hakuitisha vikao vya baraza la mawaziri kujadili hatari iliyokuwa ikikua. Hatari ilijulikana kwa wachache ndani ya serikali na haikuwekwa mezani hata kwa mawaziri wenzao. Baada ya hapo nchi ilifanya jambo ninaloliheshimu. Tume huru ilipewa mamlaka ya kuona karibu kila kitu, pamoja na kilicholindwa na siri ya kibenki, na Aprili 2010 ikatoa ripoti ya zaidi ya kurasa 2,000. Waigizaji wa ukumbi wa michezo wa Reykjavík waliisoma yote kwa sauti jukwaani, kutwa kucha, kwa siku kadhaa. Si kila nchi ina subira hiyo, wala ubaridi wa kuwafungia watu ndani.

Kuna waliofanya vizuri kabla ya maziko. Sweden, Septemba 1992, ilitangaza kwamba itasimama nyuma ya benki zake zote, lakini ikatunga masharti ambayo wengine hawakuyaiga ipasavyo. Upinzani uliitwa ndani tangu mwanzo. Benki iliyotaka msaada ilifungua vitabu na kukiri mikopo chechefu, ile isiyolipika, kwa thamani halisi, mapema, si kidogo kidogo kila robo mwaka. Wanahisa walitangulia kupata hasara. Mali mbovu zilihamishiwa kwenye vyombo maalumu, kikiwemo Securum, ambavyo hesabu zake zilijulikana. Japan ya miaka hiyohiyo ilichagua kuvuta muda, hasara zikihamishwa kutoka kitabu hiki kwenda kile, hadi Novemba 1997 zilipoanguka benki ya Hokkaido Takushoku na kampuni ya hisa ya Yamaichi kwa mwezi mmoja.

Ninachokitaka si kikubwa. Kwanza, dhamana zote za serikali zichapishwe pamoja na deni, katika jedwali moja, kwa jina la mdhaminiwa, kiasi, tarehe ya kuisha, na makadirio ya uwezekano wa kulipwa. Makadirio yatakosewa, hilo najua. Kadirio lililokosewa linaweza kubishaniwa bungeni; sifuri haibishaniwi na mtu. Na ile dhamana isiyoandikwa, ya benki kubwa, nayo ikadiriwe, hata kama serikali itaapa kwamba haipo. Soko halijali kiapo hicho. Benki inayojulikana kwamba haitaachwa ife hukopa kwa riba nafuu kuliko benki ndogo iliyo na afya ileile, na tofauti hiyo ya riba ni ruzuku ambayo hakuna bunge lililoipitisha. Najua jibu la Hazina: ukiiandika ahadi hiyo utazitia benki kiburi. Kiburi wanacho tayari. Anayekosa habari ni anayelipa.

Pili, kila siri ya fedha za umma izaliwe na tarehe yake ya kufa. Msaada wa dharura kwa benki ufichwe kama ni lazima, kwa idhini iliyoandikwa, huku Mkaguzi Mkuu na wabunge wachache walioapa wakijulishwa siku hiyohiyo, na siku ya kuutangaza ikiwa imeshapangwa kwenye sheria kabla mtu yeyote hajajua nani ataaibika. Ikiachwa ipangwe baadaye, itapangwa na anayeaibika.

Hoja inayoletwa dhidi ya hilo ni kwamba benki ikijua jina lake litatajwa, hata miaka ijayo, itaogopa kuomba msaada hadi ichelewe. Ndiyo hoja iliyotolewa Marekani pia, ambako shirika la habari la Bloomberg lilishtaki mwaka 2008 ili lijue Benki Kuu ya nchi hiyo imemkopesha nani. Benki zilipinga mpaka Mahakama ya Juu, ikakataa kuwasikiliza Machi 2011. Kabla ya hapo, sheria ya mageuzi ya fedha ya 2010 ilikwishaamuru kwamba mikopo ambayo Benki Kuu huzipa benki moja kwa moja kupitia dirisha lake la mikopo (discount window) itangazwe kwa majina baada ya takriban miaka miwili. Kisha ikaja Machi 2023, na kila benki ya Marekani ilikuwa ikiijua sheria hiyo vizuri. Katika wiki iliyoishia tarehe 15 mwezi huo mikopo ya dirisha hilo ilifika dola bilioni 152.85, rekodi ambayo haikufikiwa hata mwaka 2008.